Loki za milango zimejifunga mtoto akiwa ndani: nilivyoitafuta hitilafu kwenye IST, na vipimo vya kufanya kabla hujanunua mota

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, nimeuandika kwa siku mbili. Mwenye gari la loki za umeme naomba ausome hata kama za kwake bado nzima.

Gari langu ni Toyota IST ile ya kwanza, NCP60, injini ya 1300. Jumamosi moja saa 7 mchana niliegesha nje ya duka la dawa huku Mbezi. Mama watoto alishuka kuingia dukani. Mwanangu wa miaka 3 alikuwa amesinzia kiti cha nyuma, nyuma ya dereva. Vioo vimepandishwa kwa sababu tulikuwa na AC njia nzima. Nikazima injini, nikaacha funguo kwenye swichi, nikashuka kumpelekea mama hela aliyosahau. Hatua nne tu. Nikausukuma mlango, ukafunga, na hapohapo nikasikia "tak!" Milango yote minne imejifunga. Rimoti inaning'inia kwenye funguo, simu iko kwenye dashibodi, funguo wa akiba uko nyumbani Kimara.

Wanaoijua Dar saa 7 mchana wanaelewa. Gari lililofungwa vioo juani hupanda takribani nyuzi 10 ndani ya dakika 10 za mwanzo, na mwili wa mtoto mdogo hupata joto upesi kuliko wa mtu mzima. Sikusubiri. Kijana wa bodaboda alinipa spana, nikapiga kona ya chini ya kioo cha mlango wa mbele kushoto, upande ulio mbali kabisa na mtoto. Kona ndiyo penye udhaifu, katikati utapiga hadi uchoke. Mtoto aliamka analia, jasho limemlowesha shati lote. Mpaka leo nikisikia ile "tak" moyo unaruka.

Sasa kinachoniuma ni kwamba gari lilikuwa limeshanipa dalili miezi miwili nyuma, nami nilizitibu kwa kununua vipuri. Mlango wa dereva ulianza kugoma kwa rimoti, mara unafunga mara haufungi, mingine mitatu inaitika vizuri. Fundi wa mtaani akasikiliza, akasema mota imekufa. Nikaenda Shaurimoyo, Ilala, nikanunua loki nzima iliyotumika, sh. 40,000, tukafunga, ikafanya kazi wiki moja. Ikagoma tena. Nikaambiwa nimeuziwa mbovu, nikanunua ya pili. Nayo wiki moja na siku kadhaa. Loki zote mbili leo ziko mezani kwangu, nimezipima, ni nzima.

Baada ya kile kioo nikaamua sinunui kitu tena mpaka nijue umeme unakatikia wapi. Nikakopa mita ya kupimia umeme kwa jirani, nikachukua balbu ya indiketa ya watt 21, nikaingia kazini mwenyewe.

Kwanza tuelewe hizi loki zinavyofanya kazi, maana bila hilo utapima usijue unachosoma. Ndani ya kitasa cha kila mlango kuna mota ndogo ya volti 12 yenye waya mbili. Muda wote ambao hujabonyeza kitu, waya zote mbili zimelala kwenye ethi (upande hasi wa betri, yaani bodi ya gari). Ukiomba kufunga, boksi linaloongoza loki linapeleka moto kwenye waya mmoja kwa chini ya sekunde moja, mota inazunguka upande huu. Ukiomba kufungua, moto unakwenda kwenye waya wa pili, mota inazunguka kinyume. Basi. Ndiyo maana mtu akiweka mita kwenye soketi ya mota asibonyeze kitu, anasoma sifuri na kusema "umeme haufiki." Lazima mwenzako abonyeze wewe ukiwa unaangalia, na uitazame kweli, kwa sababu namba inaruka na kurudi. Kufunga utaona kama 12, kufungua utaona 12 yenye alama ya kutoa mbele.

La pili ndilo lililonifungua macho. Swichi ya loki kwenye mlango wa dereva haipeleki umeme kwenye mota. Kazi yake ni kugusisha waya mwembamba na ethi. Boksi likiona waya ule umegusa ethi linajua dereva ameomba kufunga, linazifunga zote nne. Ina maana waya ule ukichubuka njiani ukagusa ethi popote, boksi litatii vilevile. Haliwezi kujua kama ni kidole chako au ni waya uliochubuka.

Mtaniuliza: Toyota si zina kinga ya kusahau funguo ndani? Zipo zenye kinga hiyo, funguo ukiwa kwenye swichi zinajifungulia zenyewe, lakini hilo hutokea wakati mlango wa dereva bado uko wazi. Mimi nilikuwa nimeshaufunga. Msiitegemee.

Nilivyopima: nilitoa kava la ndani la mlango. Kuna skrubu nyuma ya mkono wa kufungulia, nyingine kwenye kishikio, halafu klipu pembeni kuzunguka. Unavuta klipu, kisha unainua kava kwenda juu. Nyuma kuna nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi ile inayovutika kama ubani wa kutafuna. Nikaibandua taratibu, sikuikata (nitarudi kwenye nailoni). Nikachomoa soketi ya loki, nikaweka mita, mwenzangu akabonyeza. Volti 12 safi. Hapo ndipo fundi yeyote angesema "umeme unafika, mota imekufa," na ndivyo nilivyoambiwa mara mbili.

Nikaondoa mita, nikaunga ile balbu ya watt 21 kwenye waya zilezile. Bonyeza. Balbu ikaonyesha wekundu hafifu kama kijinga kinachozimika. Nikarudishia mita balbu ikiwa bado imeungwa: volti 4 na kidogo.

Wakuu, hapo ndipo kwenye kiini cha uzi huu. Mita haiombi umeme wowote wa maana, kwa hiyo hata waya uliobakiwa na unyuzi mmoja wa shaba utaipa 12 yake. Mota inataka ampea kadhaa. Unyuzi mmoja hauwezi kubeba mzigo huo, volti zinapotelea njiani. Balbu ya watt 21 inakula karibu ampea 2, inatosha kuufichua uongo huo. Pima ukiwa na mzigo.

Nikaufuata waya. Kati ya nguzo ya bodi na mlango kuna mpira wenye mikunjo, kama kinanda cha mkono, waya zote za mlango zinapita humo. Kila ukifungua mlango waya zinajikunja, na mlango wa dereva ndio unaofunguliwa kuliko yote. Nikauchomoa mpira upande wa bodi, nikausogeza. Humo ndani nilikuta waya wa mota maganda yake mazima kwa kutazama, lakini ukiushika unakunjika kama utambi, shaba imekatika ndani. Pembeni yake waya mwembamba umechubuka hadi shaba inaonekana, na mwingine mweupe wenye mstari mweusi, ambao nilipoupima ulikuwa ethi, nao umechubuka palepale. Nikafunga mlango polepole huku nimeangaza tochi: zile shaba mbili zinakuja, zinagusana, "tak!", milango yote imejifunga. Nilirudia mara tatu. Mara tatu imejifunga.

Na loki zile mbili zilifanya kazi wiki moja kwa sababu kila tulipofungua mlango kubadilisha tuliuvutavuta mkungu wa waya, nyuzi zikagusana upya kwa muda.

Kazi ya kurekebisha nitaiandika chini, nina picha kichwani ila mikono imechoka.

#2 fundi_waya

Mkuu pole sana kwa mtoto, na ahsante kwa kuandika. Mimi ni fundi umeme wa magari, niko Mwanza, mwaka wa 14 huu. Ya balbu umesema kweli tupu, mimi natumia ya watt 21 hiyohiyo nimeichomelea waya na vibano viwili, inakaa mfukoni.

Ila naomba niitetee hoja ya mota kidogo, watu wasisome wakadhani kila tatizo ni waya. Ninazopokea nyingi ni mota yenyewe. Ndani ya loki nyingi za Toyota kuna mota ndogo ya Mabuchi, FC-280. Brashi zake (vipande vya kaboni vinavyoipelekea umeme) zinalika, unga mweusi wa kaboni unajaa pale brashi zinapogusa, mota inakosa nguvu. Dalili yake ni ya kusikiliza kwa sikio. Weka sikio mlangoni mwenzako abonyeze. Ukisikia "tik" dhaifu na kitufe cha mlangoni kinatikisika bila kufika mwisho, mota imechoka. Ukisikia "zzzz" inazunguka bure, gia ya plastiki ndani imepukutika au kile kiungo cha fimbo kimechomoka. Ukisikia kimya kabisa, hapo nenda kwenye waya kama mwenye uzi alivyofanya.

Dalili nyingine ya mota iliyochoka ni kuwa asubuhi na ubaridi inafanya kazi, mchana gari likishakaa juani inagoma. Au mara ya kwanza inaitika, ukibonyeza mfululizo inakata tamaa.

Na si lazima ununue loki nzima. Loki inafunguliwa, magamba yake ya plastiki yameshikwa kwa skrubu na nyingine yamegundishwa, unapasua kwenye maungio kwa wembe mnene polepole. Mota inatoka. Nunua yenye namba ileile iliyoandikwa kwenye bati lake, na angalia urefu wa shafti, maana FC-280 ziko za shafti ndefu na fupi. Ile gia ndogo ya kwenye shafti unaivuta kutoka ya zamani unaipachika kwa mpya. Paka grisi nyeupe kidogo kwenye gia, usijaze. Grisi ya magurudumu usiiguse humo, ikipata vumbi inakuwa udongo.

#3 Mleta uzi

Mkuu fundi_waya nashukuru, na sina ubishi. Ningekutana na fundi wa kusikiliza namna hiyo miezi miwili nyuma, kioo changu kingekuwepo. Mimi nasema tu mota ihukumiwe kwa ushahidi. Ichomoe, ipe moto moja kwa moja kutoka kwenye betri, gusa tu na kuachia usiishikilie itaungua. Ikirusha kwa nguvu pande zote mbili, ni nzima, tatizo liko nyuma yake. Dakika tano hizo zingeniokolea 80,000.

Sasa nilivyorekebisha.

Nilichomoa waya wa ethi wa betri kwanza, nikasubiri zaidi ya sekunde 90 kabla ya kugusa soketi yoyote, ili mifuko ya hewa ya ajali isije ikafyatuka. Hilo watu wengi hawalifanyi. Nikatoa kava la pembeni ya miguu ya dereva, soketi kubwa ya mlango iko nyuma yake.

Kosa kubwa ambalo nusura nilifanye ni kuunga waya palepale ulipokatikia, ndani ya mpira. Ukiunga kwa risasi (ile ya kuyeyusha kwa joto), risasi inanywewa na nyuzi, kile kipande kinakuwa kigumu kama msumari, na waya utakatika tena pembeni ya risasi maana mkunjo wote unahamia hapo. Ukisokota na tepu, unyevu unaingia. Kwa hiyo nilikata waya mbali, upande mmoja ndani ya bodi na upande wa pili ndani ya mlango, nikapitisha kipande kipya kizima cha sentimita 40 hivi katikati ya mpira. Maungio mawili kwa kila waya, yote yakiwa mahali pasipokunjika. Nikaunga kwa risasi, nikavika mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto.

Waya uwe laini, wa nyuzi nyingi nyembamba, unene uleule au uzidi kidogo. Waya wa umeme wa nyumbani ule wa shaba moja ngumu usiuweke mlangoni kabisa, hautamaliza mwezi. Nilibadilisha saba kwa jumla, pamoja na ambazo zilikuwa bado hazijakatika lakini zimeanza kupasuka maganda. Ukishafungua mpira usiache hata mmoja wa kutilia shaka.

Niliunga mmojammoja: kata, unga, kisha nenda wa pili. Ukikata zote saba kwa pamoja ukakuta mbili zina rangi zinazofanana na zimepauka, umejitafutia usiku.

Baada ya hapo balbu ile ile, soketi ile ile: inawaka hadi inaumiza jicho, mita inasoma 12.1 na mzigo. Kioo cha dereva nacho, ambacho mwaka mzima nilidhani kinapanda polepole kwa uzee, kinapanda kwa kasi. Naye alikuwa anakula kwenye mkungu uleule.

Nailoni: irudishe. Gundi yake ukiipasha kwa joto kidogo inashika tena. Maji ya mvua huingia mlangoni kila siku kupitia kwenye kioo na kutokea kwenye matundu ya chini, nailoni ndiyo inayoyazuia yasije ndani. Ukiikata au kuitupa, masika zulia litalowa na kunuka, halafu unyevu uliobaki mlangoni unakwenda kwenye soketi ya loki.

#4 mama_wa_passo

Kaka pole na hongera. Nimesoma nikiwa nimeshika kifua, nina mapacha.

Tatizo langu nahisi ni tofauti. Passo yangu rimoti inakataa kufunga, siku nyingine inakubali. Nikibonyeza swichi ya mlangoni inafunga yote minne bila shida. Nimebadilisha betri ya rimoti mara mbili. Kuna mtu anataka nimpe laki na nusu aweke alamu mpya.

#5 Mleta uzi

Dada usitoe hiyo laki na nusu bado. Swichi ya mlangoni ikifunga yote minne, basi fyuzi, boksi, waya za mota na mota zenyewe zote ni nzima. Limebaki upande wa rimoti. Hapo nakuuliza jambo moja: ile taa ya juu ya paa ukiiweka kwenye alama ya DOOR, inazima ukifunga milango yote? Na kile kitaa cha mlango wazi kwenye dashibodi?

Magari mengi ya Toyota hukataa kufunga kwa rimoti kama boksi linaamini kuna mlango uko wazi. Linakukinga usifunge gari lililo wazi. Swichi ya mlango ikikwama, au buti halijashika vizuri, boksi linaona mlango wazi ingawa wewe unaona umefungwa. Buti nalo linahesabika, usilisahau.

Jaribu hivi: kaa ndani usiku, taa kwenye DOOR, fungua na kufunga mlango mmojammoja. Ule ambao taa haijali, ndio huo.

#6 mjomba_wa_bara_hindi

Hujambo ndugu, mimi naandika kutoka Mombasa, Likoni. Hapa kwetu chumvi ya bahari ndiyo adui. Nilifungua mlango wa Fielder yangu nikakuta soketi ya loki pini zake zimekuwa kijani kibichi kama jani la mgomba. Nilisafisha kwa brashi ya meno na dawa ya kusafishia umeme, nikapaka grisi ya soketi, loki ikarudi. Sikununua chochote.

Lakini nataka kuongeza lingine. Magari mengi yakishafika huku mtu anawekewa alamu barabarani, na fundi wa stima anachubua waya wa gari katikati, anausokota wa alamu juu yake, anazungusha tepu, amemaliza. Baada ya miaka miwili tepu imelainika kwa joto, gundi imekuwa uji, shaba imeoza. Ukiona loki zinacheza na gari lina alamu ya kuongezewa, anza chini ya dashibodi kwenye yale masokoto kabla hujafungua mlango wowote. Mimi yangu niliyakuta tisa.

Na wenye magari yasiyokuja na loki za umeme, wakawekewa zile mota za kununua: seti huwa na mota moja ya waya tano na tatu za waya mbili. Ya waya tano lazima ikae mlango wa dereva, maana zile waya tatu za ziada ni swichi inayoliambia boksi kwamba dereva amefunga. Nimeona mtu kaweka ya waya tano mlango wa nyuma, mwaka mzima analalamika ati seti ni bandia.

#7 fundi_waya

Mjomba wa Mombasa umenena. Nyongeza: kwenye mota zile, buluu na kijani ndizo za mota, nyeupe, kahawia na nyeusi ni za swichi. Mlango ukifanya kinyume cha mingine, yaani mingine inafunga wenyewe unafungua, geuza buluu na kijani za mlango huo tu.

#8 dereva_noah

Wakuu mimi mlango wa nyuma kulia wa gari la mzee wangu umefungwa, mota imekufa, haufunguki nje wala ndani. Kava siwezi kulitoa kwa sababu mlango umefungwa. Nifanyeje?

#9 fundi_waya

Kabla ya yote angalia loki ya watoto. Kwenye ukingo wa milango ya nyuma kuna kitufe kidogo, kikishushwa mlango haufunguki kwa ndani hata uvute mkono ukatike. Hicho hakizuii kufungua kwa nje, lakini nimeletewa magari mawili mwaka huu "loki mbovu" kumbe ni hicho tu, ndiyo maana naanza nacho.

Kama nje pia haufunguki: mtu mmoja akae ndani avute kitufe cha loki cha mlango huo kwa vidole kwenda upande wa kufungua, wewe nje unashikilia mkono wa kufungulia umeuvuta, wa tatu abonyeze kufungua mara nyingi mfululizo. Wakati huohuo piga ngumi kwenye kava usawa wa kitasa, kwa nguvu ya wastani. Mota yenye brashi zilizokwama mara nyingi huamka kwa mshtuko. Ukifunguka tu, usiufunge tena! Chomoa soketi ya mota palepale, mlango utumike kwa mkono hadi upate kipuri.

Ukigoma kabisa, lala kiti cha nyuma, toa skrubu za kava zinazofikika, vuta klipu za juu na upande wa nyuma, kava litaachia nafasi ya mkono. Unafika kwenye fimbo ya loki, unaisukuma. Klipu mbili tatu zitavunjika, ni za bei ndogo. Usikubali mtu akate bati la mlango.

#10 mama_wa_passo

Kaka nimefanya usiku huu na mapacha wananishikia tochi. Milango yote minne taa inazima. Buti haizimi! Nikilisukuma kwa nguvu kwa mkono juu ya kitasa, inazima, na rimoti inafunga. Nikiachia inawaka tena. Ni nini hapo?

#11 Mleta uzi

Dada hongera, umeipata. Kuna mambo mawili ya kuangalia. Buti likisukumwa linafika, likiachiwa linarudi kidogo, basi kile chuma cha bodi ambacho kitasa kinakiuma kimesogea au vile vizibo vya mpira vya pembeni vimezungushwa vikawa virefu. Vizungushe viingie ndani kidogo, kila upande sawa. Ikiwa havihusiki, legeza boliti za kile chuma, kisogeze ndani milimita moja au mbili, kaza. Paka grisi kidogo kwenye kitasa. Hiyo ni kazi ya robo saa na spana namba 10 au 12.

Mpaka likae sawa, usitembee na watoto buti likiwa limeshika nusu.

#12 dereva_noah

Umefunguka kwa ngumi ya tatu, fundi. Mzee alikuwa ndani anashikilia kitufe. Nimechomoa soketi. Mota nimeigusisha kwenye betri kama mlivyosema, imekufa kweli, inatoa moshi kidogo na harufu.

#13 fundi_waya

Hiyo zika. Soma namba kwenye bati lake kabla hujaitupa, na pima soketi kwa balbu vilevile. Ikiwa balbu inabaki inawaka bila mtu kubonyeza, boksi limekwama na litaiunguza na mota mpya.

#14 Mleta uzi

Kwa wanaoniuliza pembeni kuhusu ule mpira: kuurudisha ni kazi kuliko kuunga waya. Nilipaka maji ya sabuni kwenye mdomo wake, nikausukuma kwa kidole gumba kuanzia chini kwenda juu, nikahakikisha mfereji wake umekaa kwenye bati mzunguko mzima. Kisha nikafungua na kufunga mlango taratibu mara kadhaa nikiangalia waya hazibanwi wala hazivutwi mlango ukiwa wazi kabisa. Acha kalegevu kadogo ndani ya mpira, usinyooshe waya kama uzi wa kuanikia nguo.

Leo ni wiki ya tatu, gari halijajifunga lenyewe hata mara moja. Funguo sasa natoka nao mkononi, na ule wa akiba anao mama watoto kwenye mkoba wake.